Hatutawakopa: Kusoma Umbo la Waraka wa Dira

"Hatutawakopa wakulima alizeti yao; fedha zikituishia, mashine isimame."

Sentensi hii ni ya pili katika ukurasa wa tatu wa waraka wa dira na mipango wa kampuni ndogo inayokamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Ina maneno manane tu, lakini kila neno limewekwa mahali pake na mtu aliyejua anachokikataa. Tazama kitenzi cha kwanza: ukanushi, nafsi ya wanaokataa, wakati ujao na wale wanaokingwa na katazo vimefungwa pamoja katika neno moja, kiasi kwamba huwezi kumwondoa mkulima humo bila kukivunja kitenzi chenyewe. Baada ya nukta mkato hali inageuka: sasa fedha ndizo zinazotenda na kampuni ndiyo inayotendwa, kwani "zikituishia" imeiweka nafsi ya "sisi" pale pale alipokuwa mkulima katika kishazi cha kwanza. Kisha linakuja "isimame". Mwandishi angeweza kuandika "itasimama", nasi tungeisoma kama utabiri wa fundi mitambo. Kiishio cha -e kimekufanya kusimama kwa mashine kuwe jambo lililoridhiwa mapema, tena lililoamriwa, na mwenye mashine mwenyewe.

Naishughulikia sentensi hii kama ninavyoushughulikia mshororo wa shairi kwa sababu nimeona jinsi ilivyopotea na jinsi ilivyorudishwa. Meneja wa kampuni hiyo, ambaye niliwahi kumfundisha fasihi kidato cha tano, alinitumia matoleo matatu ya waraka wao na ujumbe mfupi: "Shikamoo Mwalimu. Kuna kitu kimetoka humu na sijui ni kipi. Naomba unisomee." Kwa misimu miwili walikuwa wakiutunza waraka huo kwa msaada wa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde: wanampa msaidizi faili lote, wanamwambia kilichobadilika ghalani, sokoni au katika vitabu vya hesabu, naye anapendekeza marekebisho. Waraka wenyewe ni maandishi matupu yaliyohifadhiwa kwa Git, programu aliyoiunda Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, ambayo hutunza kila badiliko pamoja na tarehe yake, jina la aliyelifanya na maelezo mafupi ya sababu. Kwa mhakiki hii ni neema. Waliowahi kulinganisha nakala zinazotofautiana za utenzi wa Al-Inkishafi wanajua taabu ya kukisia ni mkono gani uliobadilisha neno gani. Hapa mkono, saa na neno vyote vimeandikwa.

Tumezoea kuusoma waraka wa aina hii kwa haraka, tukitafuta takwimu na tarehe, na kuiacha lugha yake ipite kama karatasi ya kufungia bidhaa. Hata jina lake tunalitumia bila kulipima. Dira ni chombo cha nahodha. Hakimwambii aende wapi. Kinamwonyesha kitu kimoja ambacho hakijahama wakati chombo, upepo na mkondo vyote vinahama. Tanzania ilichagua neno hilo kwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na ikalirudia katika Dira 2050 iliyozinduliwa Dodoma mwezi Julai 2025. Wakenya, kwa mpango wao uliozinduliwa mwaka 2008 chini ya Rais Mwai Kibaki, walipendelea ruwaza, yaani kielelezo cha kufuatizwa. Makampuni mengi, kama makanisa, husema maono. Maneno haya matatu yanadai maumbo matatu tofauti. Dira inapaswa kuwa fupi na tulivu, maana sindano inayochezacheza haina faida. Ruwaza inahitaji undani, kwa kuwa kielelezo kisicho na vipimo hakifuatizwi. Maono yanahitaji aliyeona, yaani nafsi inayoweza kuulizwa iliona nini na lini. Mwandishi anayeyachanganya huishia na matini isiyojua isimame kwa mguu upi.

Mataifa haya mawili yalifanya uamuzi mmoja wa kiumbo ambao naona makampuni hayajautafakari vya kutosha. Yalitenganisha kisichohama na kinachohama. Tanzania iliisindikiza Dira 2025 kwa mipango mitatu ya miaka mitano mitano, kuanzia 2011/12 hadi 2025/26. Kenya imekuwa ikitekeleza Ruwaza yake kwa mipango ya muda wa kati, nayo ya miaka mitano mitano. Mpango ukishindwa, unaandikwa mwingine, na dira haiguswi. Katika waraka wa Singida vyote viko ndani ya faili moja: sentensi ya dira, hali ya soko, mambo waliyoyakataa, kazi za msimu, bajeti. Kwa mwandishi mwenye kalamu umoja huo hauna hatari kubwa, kwa sababu mkono huchoka na haufiki kurasa zote kwa siku moja. Msaidizi wa akili mnemba hachoki. Ukimwomba apitie waraka wote, anaupitia wote, na kishindo cha badiliko la ukurasa wa tisa hufika ukurasa wa tatu kabla hujamaliza kunywa chai.

Ndivyo ilivyotokea. Katika toleo la pili, mahali pa maneno manane pana haya: "Kampuni itaendelea kuimarisha utaratibu wa malipo ya wakulima kwa wakati kwa kuzingatia upatikanaji wa fedha."

Sarufi yake haina kosa, na mtu akiisikia ikisomwa mkutanoni atatikisa kichwa kwa kukubali. Tuivue taratibu. "Kampuni" imechukua nafasi ya "sisi". Waliokuwa wakisema sasa wanasemewa. "Itaendelea" inadai kwamba jambo linafanyika tayari, kwa hiyo hakuna siku ya kuanza. "Kuimarisha" ni kitenzi kisicho na ukomo: hakuna kiwango ambacho mtu akikifikia ataambiwa ameimarisha, wala ambacho asipokifikia ataambiwa ameshindwa. Kinachoimarishwa ni utaratibu, na mkulima, aliyekuwa ndani ya kitenzi chenyewe, amesukumwa hadi mwisho wa mnyororo wa viunganishi vya -a, ambako anamilikiwa na malipo na malipo yanamilikiwa na utaratibu. Mashine imetoweka kabisa. Halafu kuna kile kishikizo cha mwisho, "kwa kuzingatia upatikanaji wa fedha", kinachoonekana kama busara ya kawaida ya mhasibu. Hapo ndipo maana ilipogeuzwa juu chini. Katika toleo la kwanza fedha zikikosekana anayeumia ni mashine, yaani mwenye kampuni. Katika toleo la pili fedha zikikosekana anayeumia ni mkulima. Wakulima bado wamo, fedha bado zimo, mada ni ile ile, hakuna neno hata moja la ukali, na ahadi imegeuka kuwa kinyume chake.

Sentensi za namna hii naomba tuziite kauli telezi: kauli iliyo safi kisarufi na ya adabu, lakini haina mahali pa kushika, kwa kuwa hakuna tendo ambalo mtu akilitenda anaweza kuonyeshwa kwamba ameivunja. Kauli telezi si uongo, na ugumu wake uko hapo. Uongo unaweza kukanushwa.

Nilifungua daftari la mabadiliko kuona tukio hilo liliandikwaje. Maelezo yalikuwa maneno manne: "Maboresho madogo ya lugha." Niliyasoma kwa huzuni, kwa maana yanafichua imani iliyomo ndani yake, kwamba lugha ni kitu kinachokaa juu ya maana, kinachoweza kupigwa pasi bila kuigusa nguo.

Lakini mhakiki anapaswa kutafuta sababu kabla ya kutafuta mkosaji, na sababu hapa imo katika agizo alilopewa msaidizi. Liliandikwa hivi: "Oanisha waraka wote na bajeti mpya, na uboreshe lugha." Kitenzi kuoanisha hakina mwelekeo. Hakisemi kipi kikae na kipi kisogee. Bajeti mpya ilikuwa na mstari wa ununuzi wa alizeti uliozidi fedha taslimu waliyokuwa nayo, na mtu anayeifahamu biashara hii ataelewa kishawishi hicho mara moja. Alizeti ya Kanda ya Kati huvunwa takriban Mei hadi Julai. Bei huwa nafuu wakati wa mavuno. Asiyejaza ghala wakati huo hukuta mashine zake zimekaa kimya miezi mingi kabla ya msimu mwingine, na hilo ni tatizo la miaka mingi kwa wakamuaji wa Tanzania, wadogo kwa wakubwa. Dukani mafuta yao yanashindana na mafuta ya mawese kutoka nje, ambayo kodi yake inaweza kubadilika kwa bajeti ya serikali inayosomwa mwezi Juni, katikati kabisa ya kipindi cha kununua. Kumkopa mkulima, kuchukua magunia yake leo na kumwahidi hela baadaye, ndiyo njia rahisi ya kutoka katika banio hilo. Sentensi ya ukurasa wa tatu iliandikwa na watu waliolijua banio na kuikataa njia hiyo. Bajeti iliandikwa na watu wale wale, wakiwa wamesahau. Ilikuwa lazima kimoja kisogee, na msaidizi, aliyeombwa upatanifu, aliupata mahali palipokuwa na gharama ndogo zaidi, yaani katika maneno.

Kuna sababu ya pili, ya ndani zaidi. Modeli ya lugha huunda matini kipande baada ya kipande kwa kukadiria kipi kina uwezekano mkubwa wa kufuata, kwa kadiri ya maandishi iliyofunzwa nayo. Kwa jinsi ninavyousikia mwandiko wake, Kiswahili kilichoijaa zaidi ni kile cha hotuba, taarifa rasmi, habari na tafsiri, na katika Kiswahili hicho "itaendelea kuimarisha" ni barabara ya lami wakati "mashine isimame" ni kichochoro. Barabara hiyo tuliijenga sisi wenyewe, kwa miongo mingi, katika mikutano yetu na magazeti yetu. Mashine imejifunza kwetu. Sasa weka hilo kando ya kile alichokisisitiza mtaalamu wa mikakati ya biashara Michael Porter katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu mkakati, kwamba kiini cha mkakati ni kuchagua usichokifanya. Kama hivyo ndivyo, basi sentensi bora katika waraka wa mkakati ni ile ambayo kampuni jirani isingeiandika, sentensi isiyotarajiwa, na tumeikabidhi kwa chombo ambacho umahiri wake wote ni kuyatambua yanayotarajiwa. Haimaanishi chombo kisitumike. Inamaanisha umbo la waraka lazima lijue kinatumika.

Ipo mifano ya maumbo yanayojilinda. Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, mwaka 1977, Mwalimu Nyerere hakurudi kulipiga pasi; aliandika matini nyingine, tathmini inayosimama kando yake, ikieleza kilichofanikiwa na kilichoshindikana. Msomaji akabaki na vitu viwili anavyoweza kuvipima, kiapo na hesabu ya kiapo. Jeff Bezos alifanya jambo linalofanana nalo kwa umbo, ingawa kwa nia tofauti kabisa: barua yake ya mwaka 1997 kwa wenye hisa wa Amazon ilikuwa ikiambatishwa kila mwaka nyuma ya barua mpya, bila kuguswa. Mbinu zote mbili zinatambua kwamba matini ya ahadi hupata uzito wake kwa kubaki na tarehe yake ya kuzaliwa, pamoja na ujinga wa siku hiyo. Ukiisahihisha ili ifanane na leo, umeinyima nafasi ya kukushtaki.

Toleo la tatu la waraka wa Singida, ambalo meneja na wenzake walilitengeneza baada ya mazungumzo yetu marefu ya simu, linastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko yale mawili. Badiliko la kwanza ni la usanifu. Sehemu mbili, ile ya dira na ile yenye kichwa cha neno moja, "Tuliyokataa", zimewekewa uzio. Juu yake kuna mistari michache inayomwambia msaidizi kwamba sentensi zilizomo ndani hazihaririwi na yeye, hata kwa ajili ya lugha. Akiona mgongano kati ya sentensi hizo na sehemu nyingine, aandike swali pembeni na aache zote mbili kama zilivyo. Sentensi zilizofungiwa humo nimeziita sentensi nanga, na nimezihesabu: ni tano. Mistari hiyo ya maagizo inasomwa na mashine kila kikao kinapoanza, kwa kuwa msaidizi wa namna hii hakumbuki kikao cha jana isipokuwa kwa kile kilichoandikwa na kuwekwa mbele yake. Hivyo waraka una wasomaji wa namna mbili kwa pamoja, msimamizi wa ghala na modeli ya lugha, na mwandishi amelazimika kumpata kila mmoja kwa sajili yake bila kumchosha mwingine. Nakiri kwamba sijakutana na tatizo hilo la kimtindo katika fasihi niliyoizoea.

Badiliko la pili ndilo linalonifurahisha. Ilipowekwa bajeti ile ile yenye mstari ule ule wa ununuzi, msaidizi aliacha sentensi nanga kama ilivyo na akaandika pembeni: "Mstari wa ununuzi wa Julai unazidi fedha taslimu iliyoonyeshwa. Je, unavunja sentensi ya pili ya Tuliyokataa? Kama ndiyo, kipi kibadilike?" Isome tena. Inazitaja pande zote mbili, inauelekeza mgongano mahali pake hasa, na inamalizia kwa kitenzi kinachomrudishia binadamu uamuzi. Chombo kile kile kilichoandika kauli telezi kimeandika swali lisiloteleza, kwa sababu kimebadilishiwa kazi: kimetolewa katika uandishi na kuwekwa katika usomaji. Nami nadhani hapo ndipo umahiri wake ulipo. Kama mwandishi wa dira, msaidizi anavutwa na wastani; kama msomaji wa dira, asiyechoka na asiyeona haya kuuliza mbele ya bosi, anaona mgongano kati ya ukurasa wa tatu na wa tisa ambao sisi tunaupita kwa kuwa tumeuzoea. Nampa nafasi ya mhakiki mwenzangu bila kusita. Nafasi ya mwenye kauli simpi.

Kuna neno moja ambalo katika nafasi hiyo ya usomaji lilinitolea somo. Waraka wa kwanza ulikuwa na "hivi karibuni" mahali saba. Kiswahili kimeliachia neno hili uso wa mbele na wa nyuma: hivi karibuni tumenunua, hivi karibuni tutanunua. Katika mazungumzo kitenzi hulinda maana. Katika waraka unaotunzwa miaka mingi hata kitenzi hakitoshi, kwa sababu "tutanunua chujio jipya hivi karibuni" iliyoandikwa msimu uliopita inasomwa leo kana kwamba ni ahadi mbichi, ilhali imeoza. Vivyo hivyo "mwaka huu", "kwa sasa", "msimu ujao". Haya yote ni maneno yanayomtegemea msemaji awe amesimama mbele yako; waraka hauna aliyesimama. Msaidizi aliombwa ayaorodheshe yote na kuuliza tarehe ya kila moja. Kwa mahali pawili kati ya hapo saba hakuna mtu ofisini aliyeweza kujibu, na sentensi hizo zikafutwa, kwa maelezo katika daftari yanayosema wazi kwamba hatukumbuki tulichoahidi. Nayaona maelezo hayo kuwa nathari bora zaidi katika waraka mzima.

Kuhusu urefu nitasema machache, ingawa ndipo nyaraka nyingi zinapofia. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa nane, la pili kumi na tisa. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake, na hakuna iliyokuwa mbaya ikisomwa peke yake; lakini kuongeza kulikuwa hakugharimu chochote, na kisichogharimu hakichujwi. Mabwana wa ushairi wetu walilijua hili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezipanga kanuni za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliwarithisha watunzi nidhamu ya mizani na vina, ambayo wengi wameipigania na wengi wameipiga vita, lakini hakuna aliyekana athari yake: ukiwa na mizani kumi na sita kwa mshororo, neno jipya haliingii mpaka la zamani litoke. Amazon ilifika karibu na kanuni hiyo kwa njia yake, pale ilipoachana na slaidi mwaka 2004 na kudai nathari isiyozidi kurasa sita, inayosomwa kimya mwanzoni mwa kikao. Toleo la tatu la Singida limejiwekea kurasa kumi. Msaidizi akipendekeza aya, lazima ataje aya inayotoka. Nimeiona kanuni hiyo ikifanya kazi katika daftari, na mapendekezo yake yamepungua na kuwa na uzito.

Mpangilio nao umebadilishwa kwa sababu ambayo watu wa fasihi wataielewa upesi. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Nelson Liu walionyesha kwamba modeli za lugha, zikipewa matini ndefu, hutumia vizuri zaidi taarifa zilizo mwanzoni na mwishoni kuliko zilizozama katikati. Modeli zimeboreshwa tangu hapo, lakini jambo lenyewe halikunishangaza, kwa kuwa ndivyo wanavyosikiliza binadamu, na ndiyo maana shairi la Kiswahili lina kibwagizo, mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti ili lililo muhimu lisizame. Meneja amezirudia sentensi nanga zote tano mwishoni mwa waraka, neno kwa neno, baada ya bajeti. Athari yake kwa msomaji wa damu ni kubwa kuliko ilivyokusudiwa kwa mashine. Unatoka katika safu za shilingi, magunia na madumu, bado kichwa kimejaa hesabu, unakutana tena na "Hatutawakopa", na sasa unajua bei yake.

Siusifii waraka huu kila kitu. Sentensi yake ya dira ni dhaifu. Inatamani kampuni iwe "inayoongoza", na haisemi inawaongoza akina nani kwenda wapi. Nilimwambia meneja hivyo, naye akakiri kwamba hiyo waliichukua mahali fulani mwanzoni kabisa, kabla hata ya msaidizi, kwa sababu kila waraka una sentensi kama hiyo. Imo ndani ya uzio, kwa hiyo uzio unalinda kauli telezi moja pamoja na nanga nne zilizo imara. Pia maswali ya pembeni yamezidi katika sehemu ya masoko, hata ukurasa unaanza kufanana na daftari la mwanafunzi lililorudishwa na mwalimu mkali. Yasipojibiwa kabla ya msimu mwingine, yatageuka pambo na macho yatayaruka. Na mashudu, ambayo wafugaji huyanunua kwa ajili ya mifugo na ambayo kwa mkamuaji ni kipato cha kweli, yametajwa mara moja tu, katika mabano. Waraka unaozungumza mafuta kurasa kumi na mashudu mara moja haujaitazama mashine yake vizuri.

Lakini sentensi ya ukurasa wa tatu imerudi, na bajeti ya Julai ndiyo iliyopunguzwa. Wewe unayetunza waraka wa aina hii, wa kampuni, wa chama cha ushirika au wa shule, usianze kwa kusoma toleo lililo mezani. Litafute la kwanza kabisa, tafuta ndani yake kila kitenzi kinachoanza na hatuta-, kisha ufungue la leo uone vingapi bado vipo.